Taa ya Mvuvi Isiue Samaki

Likizo hii, nyumbani Nchelenge, nilitengeneza bodi ya sakiti ya taa ya kuvulia chisense, dagaa wa Ziwa Mweru wanaovuliwa usiku kwa mwanga. Nilivaa glavu na miwani, nikakaa penye hewa. Kloridi ya chuma niliiweka katika chombo cha plastiki, kwani hula metali. Shaba ilipokwisha kuliwa, nikataka kuimwaga mtaroni. Nikasita: mtaro unaishia ziwani, na shaba iliyoyeyuka huua samaki. Nikatia magadi kidogo kidogo hadi povu likakoma, tope likatuama. Nikavifunga vyote katika chupa iliyoandikwa SUMU, mbali na watoto, nikaulize maabara ya chuo. Mtume (s.a.w.) ametukataza kudhuru. Elimu yetu ianzie hapo.