Kuilipia Sarafu ya Fedha Kabla ya Kuiona

Mwezi uliopita muuzaji mmoja alitaka kuniuzia reale ya Maria Theresa, ile iliyotumika zamani Unguja na Maskati. Alinitumia picha tu: sarafu imefungwa ndani ya kasha la plastiki, na lebo ya wapimaji yenye daraja 63 katika kipimo kinachoishia 70. Nitume pesa kwa simu, sarafu ifuate baada ya wiki mbili.

Nilianza na gharar. Mwaka 1780 ulio juu yake hauthibitishi umri, kwani sarafu hii iliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo baada ya malkia kufa. Uzito unajulikana, gramu 28 hivi, na namba ya lebo huhakikiwa. Mahanafi huruhusu kununua kisichoonekana, mnunuzi akabaki na khiyari atakapokiona. Kwetu Mashafii, kauli yenye nguvu ni kwamba haisihi.

Kilichonizuia hasa ni riba. Hadithi ya Ubada bin Swamit katika Sahihi Muslim inataka dhahabu na fedha zibadilishwe mkono kwa mkono, na mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi liliziingiza noti katika hukumu hiyo. Mwenzangu chumbani anasema sarafu ya ukumbusho ni bidhaa tu, kama stempu. Mimi naona ingali fedha, hata ndani ya plastiki.

Nikamjibu muuzaji: ukifika Kampala tukutane, nishike sarafu nawe ushike pesa. Bado hajajibu.