Mume Anapokataa Kwenda kwa Mshauri Mwanamke



Katika somo letu la leo tutazame jambo linaloumiza nyumba nyingi, hapa Kebirigo na kwingineko, ingawa watu hawalitaji sana. Mume ana mzigo moyoni. Usiku halali, mchana hasemi na watu, chakula kinarudi jikoni karibu kama kilivyoletwa. Mke anamsihi aende kwa mshauri nasaha. Mume anajibu, "Mimi niende nikamweleze mwanamke siri zangu?" Mazungumzo yanaishia hapo, na ugonjwa unaendelea.

Tusimcheke mume huyu. Jibu lake lina sababu, na ni vizuri tuzielewe kabla ya kumlaumu.

Sababu ya kwanza ni malezi. Mvulana wa Kigusii anapotahiriwa hufundishwa kuvumilia kisu bila kulia. Uvumilivu ni jambo jema. Lakini wengi hulichukua funzo hilo hadi uzeeni, wakadhani hata moyo ukiumia ni lazima kunyamaza.

Ya pili ni chinsoni, ile heshima yetu ya kuona haya kati ya vizazi. Baba hazungumzi mambo ya chumbani mbele ya mkaza mwanawe, wala mbele ya mtu aliye kama mtoto wake. Sasa mwanamume wa miaka 50 aingie ofisini, amkute mshauri ni binti wa rika la mtoto wake, naye shida yake ni kwamba nguvu za kiume zimepungua. Ulimi utakauka.

Ya tatu ni kwamba washauri wanaume ni wachache. Uingereza, karibu wanane kati ya kila wanasaikolojia kumi wa hospitali ni wanawake. Marekani nako wanawake ndio wengi. Hapa Kenya wauguzi wengi ni kina mama, nao ndio mgonjwa hukutana nao kwanza katika kituo cha afya. Kazi ya kusikiliza na kufariji tumeihesabu kuwa ya wanawake, wala hatuwahimizi wavulana wetu kuisomea. Tena wataalamu wote kwa jumla hawatoshi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 47, na wakati huo madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa karibu 100 tu, wengi wao mijini. Ndiyo maana mwaka wa 2020 jopo la taifa lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa.

Kunyamaza huku kuna gharama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka wa 2021 watu wapatao 727,000 walijiua, na duniani kote wanaume wanaojiua ni karibu mara mbili ya wanawake. Kenya pia wanaume ndio wengi. Mara nyingi mwanamume mwenye huzuni nzito halii. Anakuwa mkali kwa watoto, anakunywa pombe kupita kawaida, analalamika mgongo au kichwa, anachelewa makusudi kurudi nyumbani. Mke husema, "Amebadilika tabia," kumbe ni mgonjwa.

Basi wanandoa wafanye nini?

1. Mke achague saa ya utulivu, si mbele ya watoto wala baada ya ugomvi. Aseme alichokiona, asitoe hukumu. Kwa mfano: "Baba watoto, naona wiki tatu hulali. Nina wasiwasi juu yako. Twende pamoja kituo cha afya." Neno "twende" ni jepesi kuliko "nenda".

2. Mume, una haki ya kuomba mshauri mwanamume. Uliza waziwazi, bila kuona haya, katika kituo cha afya, katika hospitali ya kaunti Nyamira au katika hospitali ya rufaa Kisii. Ukimpata, vema.

3. Usipompata, usirudi nyumbani. Uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kwamba kinachomsaidia mgonjwa zaidi ni kumwamini mshauri wake na kuelewana naye, kuliko mshauri kuwa mwanamume au mwanamke. Mshauri aliyefunzwa hutunza siri. Anaweza kuvunja ukimya pale uhai unapokuwa hatarini. Waweza kuanza na mambo mepesi, kama usingizi na kazi, na yale ya chumbani yakasubiri.

4. Msiseme, "Nitaungama kwa padre, yatosha." Padre ni mwanamume, na ni rahisi kumwendea. Lakini kitubio huondoa dhambi, na huzuni ya ugonjwa si dhambi. Padre mwema atakusikiliza, kisha atakuelekeza hospitalini.

5. Akianza kusema kwamba yeye ni mzigo kwa watu, au akigawa mali yake na kuaga bila safari, mwulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango wa kusema. Dawa za kunyunyizia mimea zifungiwe mbali naye. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Wengine huogopa polisi. Ni kweli kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Msimfiche mgonjwa kwa hofu hiyo. Na nyumba zilizokwisha kufiwa kwa njia hii zijue kwamba Katekisimu ya 1992 yafundisha kuwa maradhi makubwa ya nafsi hupunguza hatia ya marehemu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake.

Tukumbuke pia kwamba Abagusii si wageni wa wataalamu wa kichwa. Babu zetu walikuwa na omobari, ambaye alifungua fuvu la mtu aliyegongwa na kubaki na maumivu yasiyokwisha. Mwanamume aliyekubali kufunguliwa fuvu hakuitwa mwoga. Kwa nini basi aitwe mwoga yule anayefungua kinywa tu?

Mwisho, wazazi wenye mvulana msikivu, anayependwa na wenzake kwa sababu hawacheki wala hatangazi siri zao, mhimizeni asomee kazi hii. Wanaume wa kesho watamhitaji.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:

1. Kila mmoja wetu huonyeshaje huzuni yake? Mwenzake huitambua kwa ishara gani?

2. Tukihitaji mshauri, ni mambo gani tungeona haya kumweleza, na kwa sababu gani?

3. Mmoja wetu akizidiwa leo usiku, tutaenda wapi, na ni nani tutakayemwamsha atusindikize?