SOMO LA MWEZI: MZIGO USIOPORWA NJIANI

Mwezi huu tujifunze methali tatu za Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Tulizikariri chuo cha Biblia kwa ajili ya mtihani tu. Huku ukimbizini ndiko tulikoanza kuzielewa.

1. Omnia mea mecum porto

Maana yake: Vyangu vyote navibeba mwenyewe.

Methali hii imetokana na habari za mkimbizi. Bias alikuwa mmoja wa wale Wenye Hekima Saba wa Wayunani, mtu wa mji wa Priene, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Adui walipouteka mji, wenzake walikimbia na mizigo mingi, yeye hakubeba kitu. Alipoambiwa naye achukue vyake, alijibu kwamba anavyo vyote tayari. Mali yake ilikuwa hekima na tabia yake.

Aliyetuandikia habari hii kwa Kilatini ni Cicero, mnenaji mkuu wa Roma, mwaka 46 kabla ya Kristo. Naye aliyajua mambo haya. Mwaka 58 alilazimika kuhama Roma, nyumba yake ikabomolewa, na barua zake za wakati ule zimejaa kilio. Basi anayelia asidhani hana hekima.

Wengi wetu tulivuka mpaka na mtoto mgongoni na sufuria moja. Shamba, ng'ombe, vyeti vya shule, vyote vilibaki. Lakini aliyekuwa mwaminifu kule alivuka na uaminifu wake, wala hakuna askari aliyemnyang'anya njiani. Na aliyekuwa mwongo kule je? Naye alivuka na mzigo wake. Ndiyo sababu tunahitaji methali ya pili.

2. Nosce te ipsum

Maana yake: Ujijue mwenyewe.

Maneno haya yaliandikwa kwanza kwa Kiyunani kwenye hekalu la Delphi, kisha Warumi wakayatia katika lugha yao. Phaedrus, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, alieleza jambo hilihili kwa hadithi: kila mtu amevikwa mifuko miwili. Wa mbele una makosa ya wengine, wa mgongoni una makosa yake mwenyewe. Wazee wetu walisema kwa kifupi: Nyani haoni kundule.

Hapa inatubidi tukiri. Mpwa wetu aliondoka katika makazi haya, lakini jina lake likabaki kwenye kadi yetu ya chakula. Miezi miwili tulipokea unga na maharage yake, tukanyamaza. Na katika miezi hiyohiyo tuliwanung'unikia wapimaji kwamba hawajazi kipimo! Mfuko wa mbele tuliuona vizuri sana. Mwisho mtoto wetu mdogo akauliza, "Baba, chakula cha kaka tutampelekea lini?" Hatukuwa na jibu. Siku iliyofuata tulikwenda kuomba jina lifutwe. Mgao uliofuata ulitupungukia, na njaa yake tuliisikia.

3. Esse quam videri

Maana yake: Kuwa, si kuonekana tu.

Sallust, mwandishi wa Kirumi, alimsifu Cato kwamba alipendelea kuwa mwema kuliko kuonekana mwema, na kadiri alivyoacha kutafuta sifa, ndivyo sifa zilivyomfuata.

Jumapili ni rahisi kuonekana. Suti imepigwa pasi ya makaa, Biblia iko mkononi. Lakini mtu hujulikana bombani, foleni ikiwa ndefu na maji yakiwa machache. Hujulikana pia nyumbani, anaposema na mkewe wakati hakuna chumvi. Miezi ile miwili tulihubiri, na watu walisema tumehubiri vizuri. Tulionekana, hatukuwa.

Ndugu, siku moja tutafunga mizigo tena. Wengine watarudi nyumbani, wengine watakwenda nchi za mbali, wengine watabaki. Turubai litaachwa na kadi itarudishwa. Tabia tutakwenda nayo. Basi tuutazame mzigo huu mapema, kabla gari halijafika.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni tabia gani njema uliyovuka nayo mpaka? Ni ipi mbaya?
2. Ni nani nyumbani kwako anayeweza kukuambia ukweli juu yako? Je, unamruhusu?
3. Soma Mathayo 7:3-5. Yanafanana wapi na mifuko ya Phaedrus?