SOMO LA MAJI: GALONI IPI?
Jinsi ya kubadili vipimo vya mtiririko wa maji kuwa lita, ili mradi uwatoshe watu waliokusudiwa



Katika toleo hili tunawaletea somo juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo huamua kama mradi wa maji utawatosha watu au la. Jambo hilo ni vipimo vya maji yanayotoka kwenye pampu, kisima au chemchemi kwa muda fulani. Sharika zetu hushirikiana na marafiki wa Ujerumani na nchi za Skandinavia, ambao hutumia lita na mita kama sisi. Vilevile tunashirikiana na sinodi rafiki za Marekani, ambako pampu na matenki hupimwa kwa galoni. Tena katika makabati ya misheni za zamani ziko karatasi za enzi za Mwingereza, nazo zina galoni zake. Kamati inayokutana na nyaraka hizi zote mezani inapaswa kujua namna ya kuzileta kwenye kipimo kimoja.

Namba peke yake haitoshi

Mtu akisema, "Kisima chetu kinatoa elfu moja na mia mbili," bado hajasema kitu. Tutamuuliza: elfu moja na mia mbili za nini, na kwa muda gani? Mtiririko wa maji una sehemu tatu: namba, kipimo cha ujazo (lita, galoni, mita ya ujazo au futi ya ujazo) na muda (sekunde, dakika, saa au siku). Ikikosekana mojawapo, taarifa hiyo haifai kununulia pampu wala kuombea fedha.

Galoni ziko tatu

Ugumu mkubwa uko kwenye neno "galoni". Neno ni moja, vitu ni vitatu.

Kwanza, iko galoni ya Kimarekani, ambayo ni lita 3.785.

Pili, iko galoni ya Kiingereza, ambayo ni lita 4.546. Hii ndiyo iliyotumika hapa kwetu wakati wa utawala wa Mwingereza. Hata debe la zamani la mafuta ya taa lilikuwa la galoni 4 za Kiingereza, yaani zaidi kidogo ya lita 18.

Tatu, iko "galoni" ya mitaani, yaani chombo cha plastiki cha kubebea mafuta au maji. Hiki kinaweza kuwa cha lita 5, 10 au hata 20, kwa hiyo si kipimo kabisa. Mama akisema amechota galoni tatu, mwulizeni za ukubwa gani kabla ya kuandika.

Kwa nini Mwingereza na Mmarekani wasikubaliane? Zamani Uingereza ilikuwa na galoni mbalimbali, ya divai na ya bia. Galoni ya divai iliwekwa kisheria wakati wa Malkia Anne, mwanzoni mwa karne ya 18, kuwa inchi za ujazo 231. Wamarekani waliendelea nayo hata baada ya kujitenga. Waingereza wao walitunga sheria mpya mwaka 1824, wakaweka galoni moja inayotosha ratili 10 za maji. Tangu hapo galoni ya Kiingereza imekuwa kubwa kuliko ya Kimarekani kwa sehemu moja ya tano. Kumbukeni hivi: galoni 5 za Kiingereza ni karibu sawa kabisa na galoni 6 za Kimarekani.

Jedwali la kubadilishia

Tunashauri jedwali hili linakiliwe na kubandikwa ukutani katika ofisi ya usharika.

- Galoni 1 ya Kimarekani kwa dakika = lita 3.785 kwa dakika = lita 227 kwa saa.
- Galoni 1 ya Kiingereza kwa dakika = lita 4.546 kwa dakika = lita 273 kwa saa.
- Mita 1 ya ujazo kwa saa = lita 1,000 kwa saa = lita 16.67 kwa dakika = galoni 4.40 za Kimarekani au 3.67 za Kiingereza kwa dakika.
- Lita 1 kwa sekunde = lita 60 kwa dakika = lita 3,600 kwa saa = galoni 15.85 za Kimarekani au 13.20 za Kiingereza kwa dakika.
- Futi 1 ya ujazo kwa sekunde (hutokea kwenye taarifa za zamani za mito na mifereji) = lita 28.3 kwa sekunde.

Ukitoka kwenye galoni kwenda kwenye lita, zidisha. Ukitoka kwenye lita kwenda kwenye galoni, gawanya. Kama huna kikokotoo, chukua galoni za Kimarekani, zidisha kwa 4, kisha punguza asilimia 5. Kwa mfano galoni 20: 20 mara 4 ni 80, toa 4, zinabaki lita 76. Hesabu kamili ni 75.7. Kwa galoni za Kiingereza, zidisha kwa 4 na nusu.

Mfano wa kwanza: watu wanaokosa maji

Tuchukue usharika wenye kisima cha zamani. Karatasi ya enzi za Mwingereza inasema kisima kinatoa galoni 1,200 kwa saa. Rafiki wa Marekani anatoa pampu iliyoandikwa galoni 20 kwa dakika. Kamati inapiga hesabu: 20 mara 60 ni 1,200. Wanasema, "Sawa kwa sawa, Mungu ni mwema."

Sasa tubadili kuwa lita. Galoni 1,200 za Kiingereza kwa saa ni lita 5,455. Galoni 1,200 za Kimarekani kwa saa ni lita 4,542. Pampu ikifanya kazi saa 8 kwa siku, kamati inategemea lita 43,640, lakini itapata lita 36,336 tu.

Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha lita 25 kwa mtu kwa siku, katika kituo kisichozidi mita 400 kutoka kwenye makazi, na kila kituo kihudumie watu 250. Kwa kiwango hicho, kamati iliahidi maji kwa watu 1,745, nayo yatatosha watu 1,453. Watu wapatao 290 wamepotea katikati ya galoni mbili. Hao ni zaidi ya kituo kizima cha kuchotea maji. Bomba litachimbiwa, kituo kitajengwa kwa saruji, watu watachangia, lakini maji hayatafika. Nao hawatajua kwamba kosa lilikuwa kwenye karatasi. Watasema kamati imekula fedha.

Tena, hata namba ya Mwingereza isichukuliwe kama ilivyo. Kisima cha miaka mingi hubadilika, na ni lazima kipimwe upya kabla ya kununua pampu.

Mfano wa pili: pampu inayoungua

Kosa linaweza kwenda upande wa pili. Tuseme kisima kipya kimepimwa, na mtaalamu ameandika kwamba kinaweza kutoa lita 6,000 kwa saa bila kukaukiwa. Hizo ni lita 100 kwa dakika. Kamati, ikitaka kumrahisishia mfadhili, inagawanya kwa 3.785 na kuandika "galoni 26 kwa dakika", bila kusema galoni ipi. Barua hiyo inafika kwa muuzaji anayetumia galoni za Kiingereza. Yeye analeta pampu ya galoni 26 zake, yaani lita 118 kwa dakika, au lita 7,092 kwa saa.

Pampu hiyo inavuta zaidi ya lita 1,000 kila saa kuliko kisima kinavyoweza kutoa. Maji hushuka mpaka yafike kwenye pampu, nayo huanza kuvuta hewa na mchanga. Mota ya pampu inayozamishwa kisimani hupozwa na maji yanayopita pembeni mwake. Yakikosekana, huchemka na kuungua. Kuitoa na kuweka nyingine ni gharama ambayo mfuko wa maji wa kijiji hauwezi kuibeba kirahisi.

Ndoo na saa ya mkononi

Hamhitaji kifaa cha gharama ili kukagua namba mliyopewa. Chukueni ndoo ya lita 20. Msiamini maandishi yake. Ijazeni kwanza kwa chupa ya lita moja na kuweka alama lita 20 zinapofika. Fungulieni maji, acheni yatulie, kisha mhesabu sekunde mpaka yafike kwenye alama. Rudieni mara tatu, mchukue wastani. Gawanyeni 20 kwa sekunde hizo mpate lita kwa sekunde, kisha mzidishe kwa 3,600 mpate lita kwa saa. Maji yakiwa mengi kwa ndoo, tumieni pipa la lita 200.

Ndoo hii inaweza hata kumaliza ubishi wa galoni. Pampu inayotoa galoni 20 za Kimarekani kwa dakika hujaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 16. Ikitoa galoni 20 za Kiingereza, ndoo hujaa kwa sekunde 13.

Kwa miradi ya mserereko, chemchemi ipimwe mwishoni mwa kiangazi. Namba ya masika hufurahisha, lakini watu hunywa maji mwaka mzima.

Kibao cha pampu na kilima

Kwenye kibao cha pampu mtaona herufi GPM, yaani galoni kwa dakika. Mbele yake yakiwepo maandishi US, ni ya Kimarekani. Ikiwepo Imp au herufi I, ni ya Kiingereza. Isipokuwepo alama yoyote, ulizeni pampu imetengenezwa wapi na mpate jibu kwa maandishi.

Mtaona pia urefu wa kupandisha maji, mara nyingi kwa futi. Futi 1 ni mita 0.3048, hivyo futi 200 ni mita 61. Angalieni: kiwango cha juu cha maji na kiwango cha juu cha urefu havipatikani kwa wakati mmoja. Kadiri tenki linavyokuwa juu kilimani, ndivyo maji yanavyopungua. Ombeni chati ya pampu, na mwangalie itatoa kiasi gani kwa urefu wa kwenu.

Tunachoomba kwa kamati na wafadhili

1. Kila taarifa na kila ombi la fedha viandike lita kwa saa kwanza. Galoni zifuate kwenye mabano, zikitaja ni za Kimarekani au za Kiingereza.
2. Anayebadili kipimo aonyeshe hesabu yake, na mtu wa pili aikague na kutia sahihi.
3. Pampu isinunuliwe kabla mhandisi wa maji wa wilaya kutoka RUWASA, au mtaalamu mwingine mwenye sifa, hajalinganisha uwezo wa kisima na chati ya pampu.
4. Ndugu zetu wafadhili wa Marekani, andikeni "US" mbele ya kila galoni. Herufi hizo mbili zinaweza kuokoa kituo kizima cha maji.

Kipimo kimoja mbele za Mungu

Kumbukumbu la Torati 25:13-16 inawakataza watu wa Mungu kuweka vipimo viwili tofauti, kikubwa na kidogo, katika nyumba moja. Naye Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza Amri ya Saba anatufundisha tusimpunje jirani katika mali yake, bali tumsaidie kuitunza na kuiongeza. Aliyekosea galoni hakukusudia kuiba. Hata hivyo, mama aliyechangia mradi kisha akarudi mtoni na ndoo yake amepungukiwa kweli. Hesabu iliyokaguliwa vizuri ni sehemu ya huduma yetu kwake.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 25. Ni lita ngapi kwa saa? Kwa saa 10 za kazi, maji hayo yatatosha watu wangapi kwa lita 25 kila mmoja?
2. Rafiki wa Marekani anatoa pampu ya galoni 15 kwa dakika. Kisima chenu kina uwezo wa lita 3,000 kwa saa. Je, mtaipokea?
3. Katika nyaraka za mradi wenu, ni wapi neno "galoni" limeandikwa bila kutajwa ni ipi?

Majibu: (1) Lita 2,880 kwa saa; watu 1,152. (2) Pampu ni ya lita 3,405 kwa saa, inazidi uwezo wa kisima. Tazameni chati yake kwa urefu wa kwenu; kama bado inazidi, ombeni pampu ndogo zaidi. (3) Fungueni faili, mtafute pamoja.

Mungu awabariki katika kazi ya mikono yenu.