Maziwa Mawili ya Mlima Mmoja: Somo kwa Wanaozuru Chala na Jipe

Watu wengi waendao kutazama ziwa huketi ufukoni, wakala chakula chao, wakastaajabia maji, kisha wakarudi nyumbani. Wameliona ziwa, lakini hawakulijua. Maji ya ziwa ni kama mgeni aliyekwisha fika: atakaye kujua habari zake hana budi kuuliza ametoka wapi, amepita njia gani, na amebeba mzigo gani. Katika somo hili tutachungua maziwa mawili yaliyo karibu na Taveta. Yote mawili hupata maji ya Mlima Kilimanjaro, lakini moja ni refu na safi, na la pili lajaa udongo na matete. Sababu ya tofauti hiyo yamhusu kila mtu alimaye penye mteremko.

Mahali Yalipo

Taveta iko mpakani mwa Kenya na Tanzania, mwendo wa kilomita 110 hivi kutoka Voi. Kaskazini ya mji liko Ziwa Chala, na kusini yake Ziwa Jipe. Mpaka wa nchi hizi mbili wapita katika maziwa yote mawili, hata wavuvi wa Kenya na wa Tanzania hutega nyavu zao katika maji yale yale.

Ziwa Chala

Mgeni aendaye Chala hupanda mteremko wa nyasi na vichaka, wala haoni dalili yo yote ya maji mpaka amefika ukingoni. Hapo nchi hukatika ghafula, na ziwa laonekana chini kabisa, limezungukwa na kuta za mawe pande zote. Shimo hilo ni kinywa cha volkeno iliyozimika zamani. Upana wa ziwa ni kilomita za mraba 4 tu na kidogo, lakini kina chake chapita mita 90, yaani karibu futi 300. Rangi ya maji hugeuka kwa majira: pengine ni buluu, pengine ni kijani. Mmisionari Charles New alifika hapo mwaka wa 1871, akaandika habari zake kwa Wazungu. Lakini wenyeji walikuwa wamelijua tangu siku za mababu zao.

Hapana mto uingiao Chala, isipokuwa kijito kidogo cha upande wa kaskazini magharibi ambacho huteremsha maji mvua zikiwa nyingi. Tena hapana mto utokao. Basi maji yatoka wapi? Mvua inyeshayo juu ya misitu ya Kilimanjaro huzama ardhini, hupita polepole katika mawe yenye nyufa, nayo hutokea chini ya ziwa. Tena twajuaje ya kuwa maji hayo hupata njia ya kutoka? Fikirini habari za Ziwa Magadi. Maji yake hayana njia ya kutoka ila kukauka kwa jua, na kwa sababu hiyo magadi hubaki na kuzidi mwaka hata mwaka. Maji ya Chala si ya chumvi wala ya magadi. Hii ni dalili ya kwamba maji yake hupenya tena katika mawe na kwenda zake chini ya ardhi.

Kwa kuwa hapana mto uletao udongo wa mashamba, matope ya chini ya Chala yamejipanga kwa utaratibu wa ajabu. Wakati wa baridi na upepo, maji ya chini huchanganyika na ya juu, na mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho huongezeka. Mimea hiyo ina maganda kama ya kioo. Ikifa, maganda huanguka chini na kufanya utando mweupe. Majira mengine utando ni mweusi. Utando mweupe mmoja na mweusi mmoja ni mwaka mmoja. Mwaka wa 2016 wataalamu walitoboa matope hayo zaidi ya mita 200 kwenda chini, wakapata habari za mvua na ukame za miaka ipatayo 250,000. Kwa hiyo Chala ni kitabu, na kila mwaka huongezwa ukurasa mwembamba.

Ziwa Jipe

Tukishuka kusini ya Taveta twakuta ziwa la namna nyingine. Jipe ni pana, yapata kilomita za mraba 30, lakini kina chake mahali pengi hakifiki mita 3. Upande mmoja yasimama milima ya Upare ya Kaskazini, na upande wa pili iko mbuga ya wanyama ya Tsavo Magharibi. Mto Lumi, utokao Kilimanjaro, huingia humo, pamoja na vijito vya Upare. Maji hutoka kwa Mto Ruvu, huenda katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na mwisho hufika baharini kwa Mto Pangani.

Mto si maji matupu. Mvua ikipiga shamba lililolimwa kwa kufuata mteremko, au kilima ambacho miti yake imekatwa na nyasi zake zimelishwa mno, maji hukimbia na udongo. Maadamu mto unakwenda mbio, udongo huchukuliwa. Ukifika ziwani, mto hupoteza nguvu, nao hutua mzigo wake. Hivyo Jipe hupungua kina, jua hufika chini, na matete hupata mahali pa kushika mizizi. Matete nayo huzuia udongo zaidi. Mvuvi aliyekuwa akisukuma mtumbwi wake wazi hukuta njia imeziba, na mahali pa kuteka maji pamekuwa kinamasi.

Watu husema, "Tukate matete." Ni kazi njema, lakini haitoshi. Kukata matete bila kuzuia udongo ni kama kupangusa sakafu huku paa lavuja. Dawa ya Jipe iko mbali na Jipe: iko katika mashamba ya juu, katika matuta yaliyokingama na mteremko, katika nyasi zilizoachwa kando ya mito, na katika misitu ya mlima.

Mambo Manne ya Kushika Unapozuru

Kwanza, usioge. Watu walikuwa wakioga Chala kwa sababu maji yake ni mazuri na matulivu, lakini mwaka wa 2002 msichana mmoja Mwingereza aliuawa humo na mamba. Katika Jipe wako mamba na viboko pia. Kiboko hutoka usiku kwenda malishoni. Usisimame kati yake na maji, kwa maana hiyo ndiyo njia yake ya kukimbilia.

Pili, mwulize mwenyeji kabla ya kuteremka. Njia za kushuka Chala ni kali, na mawe yake huteleza. Katika Jipe, mvuvi wa mahali ndiye ajuaye viboko wanapokaa na mkondo ulio wazi.

Tatu, jihadhari na kichocho. Maji ya kina kifupi yenye majani ndiyo makao ya konokono waenezao ugonjwa huo, na vijidudu vyake huingia mwilini kwa ngozi tu, hata kama mtu hakunywa. Maji ya kunywa na yachemshwe. Na mtu ye yote asikojoe ziwani wala kando yake, maana hivyo ndivyo ugonjwa urudivyo kwa konokono.

Nne, usihamishe samaki. Katika Chala yuko perege wa namna yake, asiyepatikana kwa asili mahali pengine po pote duniani. Baadaye waliletwa perege wa kigeni, na sasa yule wa asili ni miongoni mwa samaki walio katika hatari ya kutoweka. Mtu aweza kumwaga ndoo ya samaki ziwani kwa nia njema ya kuongeza kitoweo, na kuharibu kitu kisichoweza kurudishwa.

Jaribio la Kufanya Nyumbani

Wasomaji wengi hawatapata nafasi ya kufika Taveta, lakini karibu kila mtaa wa milimani una bwawa lake, au kisima, au kijito. Siku ya mvua kubwa chukua chupa nyeupe, uijaze maji ya kijito, uiweke mahali pasipotikiswa mpaka kesho yake. Maji yatakuwa yametulia juu, na udongo umelala chini. Ule udongo ni wa shamba la mtu fulani, nao ndio uliokuwa juu kabisa, penye rutuba. Mwenye shamba amepoteza chakula cha mimea yake, na wenye bwawa wamepoteza nafasi ya maji yao. Fanya jaribio hilo tena baada ya watu wa juu kutengeneza matuta, uangalie kama udongo umepungua.

Chala imehifadhiwa kwa kuta zake za mawe, ambazo hapana mkulima awezaye kuzilima. Jipe haina kuta. Kuta zake ni bidii ya watu wanaokaa juu yake. Ndivyo lilivyo kila bwawa katika nchi ya vilima.

Maswali

1. Twajuaje ya kuwa maji ya Chala hupata njia ya kutoka, ingawa hakuna mto utokao?
2. Kwa nini matete huota kwa wingi katika Jipe?
3. Kwa nini mtu aweza kupata kichocho bila kunywa maji?
4. Katika mtaa wenu, maji ya bwawa au kijito hutoka kilima gani, na kilima hicho chalimwa namna gani?