Kufundisha Utafutaji wa Hitilafu: Mfano wa Kengele ya Mlangoni Yenye Kamera

Utangulizi

Katika mazoezi ya kufundisha tuliyoyasimamia kwenye shule moja ya msingi, mwanachuo mmoja alikuwa akifundisha juu ya sakiti ya umeme. Balbu yake haikuwaka. Aliwauliza wanafunzi sababu, nao wakajibu kwa sauti moja kwamba betri zimekwisha. Mwanachuo akabadili betri, akabadili waya, na ili awe na hakika akabadili balbu pia. Balbu ikawaka na watoto wakapiga makofi. Ndipo msichana mmoja aliponyosha mkono akauliza, "Mwalimu, kilichokuwa kibovu ni kipi?" Mwanachuo hakuweza kujibu. Sisi tuliokaa nyuma ya darasa nasi hatukuweza kumsaidia, kwani vitu vitatu vilikuwa vimebadilishwa kwa pamoja na ushahidi wote umepotea.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi mwalimu awezavyo kuwafundisha watoto kutafuta hitilafu kwa mpangilio. Tumechagua mfano wa kengele ya mlangoni yenye kamera, chombo kilichoenea sana katika nyumba za Marekani. Shule nyingi hazina chombo hiki, wala si lazima ziwe nacho. Tumekichagua kwa sababu hitilafu zake za umeme zina funzo ambalo balbu iliyozimika kabisa haiwezi kulitoa: umeme waweza kuwapo lakini usitoshe.

Jinsi kengele hiyo ifanyavyo kazi

Kengele ya umeme si jambo jipya. Mwaka 1831 Joseph Henry, aliyekuwa mwalimu huko Albany, Marekani, aliwaonyesha wanafunzi wake kengele iliyolizwa kwa sumaku-umeme kupitia waya wenye urefu wa zaidi ya maili moja. Alitambua kwamba njia ndefu yahitaji seli nyingi zilizounganishwa kwa mfululizo. Fundi wa leo hukutana na jambo lilo hilo mlangoni.

Katika nyumba za Marekani, umeme wa volti 120 hupita kwenye transfoma ndogo inayoupunguza hadi volti 16 au karibu na hapo. Kutoka kwenye transfoma njia huenda kwenye kengele ya ndani, kisha kwenye kitufe cha mlangoni, na kurudi. Kitufe cha kawaida hakitumii umeme mpaka kibonyezwe. Kikibonyezwa, sakiti hukamilika na koili ya kengele huvuta nyundo.

Chombo chenye kamera huwekwa mahali pa kitufe hicho, lakini tabia yake ni tofauti. Chenyewe hutumia umeme mchana na usiku, nao huupata kwa kupitisha mkondo mdogo ndani ya koili ya kengele bila kuiliza. Mgeni akibonyeza, chombo huunganisha njia moja kwa moja ili mkondo mkubwa upite na kengele ilie. Kwa muda huo mfupi hakipati umeme wa kutosha, bali hutegemea akiba iliyomo ndani yake. Katika nyumba nyingi kifaa kidogo huongezwa kando ya kengele ya ndani ili mkondo wa kamera upite pembeni ya koili. Kifaa hicho kikikosekana au kikiunganishwa vibaya, kengele yaweza kuvuma au kugonga bila mgeni.

Vyanzo vikuu vya upungufu

Chanzo cha kwanza ni transfoma dhaifu. Vyombo vingi vya aina hii huhitaji volti 16 hadi 24. Transfoma ya zamani iliyowekwa kwa ajili ya kengele ya kawaida yaweza kutoa volti 10 tu. Nchini Uingereza transfoma nyingi za kengele zilikuwa za volti 8. Aidha, yafaa kutazama uwezo ulioandikwa kwenye transfoma. Yenye volti 16 na volti-ampea 10 haiwezi kutoa mkondo uzidio ampea 0.6 hivi bila kulemewa.

Chanzo cha pili ni njia yenyewe, yaani waya na viungo vyake. Tuchukue mlango ulio mita 15 kutoka kwenye transfoma. Kwenda na kurudi ni mita 30. Waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.8 una ukinzani wa karibu omu 1 kwa urefu huo. Mkondo wa ampea 0.5 ukipita, volti zipoteazo ni 0.5 tu. Lakini kiungo kimoja chenye kutu kikiwa na ukinzani wa omu 5, mkondo huo huo utapoteza hapo volti 2.5. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Hupima volti wakati chombo kimefunguliwa na hakuna mkondo unaopita, wakakuta volti zote zipo. Pasipo mkondo, kiungo kibovu hakipotezi kitu. Kwa hiyo hapana budi kupima wakati chombo kinafanya kazi.

Chanzo cha tatu ni mahitaji yanayobadilika. Kamera nyingi huwasha taa za miali isiyoonekana kwa jicho gizani, na mahitaji ya mkondo huongezeka. Chombo kinachofanya kazi mchana na kuzimika usiku hutupa dalili ya umeme usiotosha. Kinachozimika na kuwaka upya kila kinapobonyezwa hutupa dalili ya jamii hiyo hiyo. Vile vile, vyombo vyenye betri ya lithiamu ndani haviwezi kuchaji vizuri wakati wa baridi iliyo chini ya nyuzi 0 za Selsiasi.

Mpangilio wa kutafuta

Tunapendekeza hatua hizi, nazo zafaa kwa sakiti yoyote:

1. Tazama na uulize kwanza. Je, chombo kimezimika daima, au kwa nyakati fulani? Tatizo lilianza lini? Ni nini kilichobadilishwa kabla ya hapo?
2. Anzia kwenye chanzo: swichi kuu na fyuzi, kisha maandishi yaliyo kwenye transfoma.
3. Pima volti kwenye transfoma na mlangoni, chombo kikiwa kinafanya kazi. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo iliyopotea njiani.
4. Kama tofauti ni kubwa, chunguza viungo na kengele ya ndani, kimoja baada ya kingine. Kama ni ndogo na volti ni chache pote, shuku transfoma.
5. Badili kitu kimoja tu kwa mara moja, na uandike matokeo.
6. Chombo chenyewe kishukiwe mwisho.

Hatua hizi ni za fundi. Upande wa transfoma wenye umeme wa nyumba huweza kuua, nao usifunguliwe na mwalimu wala mwanafunzi. Darasani tutatumia seli kavu peke yake.

Somo la darasani

Vifaa: seli kavu mbili mpya na mbili zilizotumika sana, kila moja ikiwa ya volti 1.5, balbu mbili za tochi za volti 2.5, waya, kipande kifupi cha penseli kilichochongwa ncha zote mbili, na voltimita ikiwapo.

Hatua ya kwanza: Wanafunzi waunganishe seli mbili mpya kwa mfululizo na balbu moja. Waambiwe kwamba balbu hii ni kamera. Kisha waongeze balbu ya pili kwa sambamba, nayo ni taa ya usiku. Watazame balbu ya kwanza: itabadilika kidogo tu.

Hatua ya pili: Warudie kwa seli zilizotumika. Balbu moja yaweza kuwaka, tena kwa namna ya kuridhisha, lakini ya pili ikiongezwa zote mbili zitafifia. Mwalimu aulize: "Kwa nini kamera inafanya kazi mchana na kushindwa usiku?" Awape muda wa kujadiliana, wala asiharakishe jibu.

Hatua ya tatu: Warudishe seli mpya, na waingize kaa la penseli katika njia ya balbu moja. Mwanga utapungua. Hiki ndicho kiungo chenye kutu. Kama voltimita ipo, wapime volti katika ncha mbili za kaa, kwanza balbu ikiwa imetolewa, kisha ikiwa imerudishwa. Mara ya kwanza kipimo kitakuwa sifuri. Mara ya pili volti zilizopotea zitaonekana.

Hatua ya nne: Mwalimu atayarishe sakiti nne, kila moja ikiwa na hitilafu moja aliyoificha: seli chovu, kiungo kilicholegea, balbu iliyokatika, na waya uliokatika ndani ya ganda lake. Kila kundi lichore jedwali lenye safu tatu: tulichoshuku, tulichobadili, tulichokiona. Alama zitolewe kwa jedwali, wala si kwa kundi lililowahi kuwasha balbu.

Maangalizo kwa mwanachuo

Jaribu sakiti zote siku moja kabla. Usitoe hitilafu mbili katika sakiti moja mpaka wanafunzi wazoee. Mtoto akisema "betri zimekwisha", usimkatae wala usimkubali. Muulize, "Utajuaje?" na umpe nafasi ya kuonyesha.

Hitimisho

Mwanachuo tuliyemtaja alirudia somo lake wiki iliyofuata. Alibadili betri, balbu haikuwaka, akazirudisha zile za kwanza. Akabadili waya, balbu ikawaka. Kisha akamwita yule msichana aje mbele, akamkabidhi waya ule, akamwomba awaonyeshe wenzake mahali ulipokatika.