Helikopta, Kayaki na Barafu: Vidokezo vya Siku Moja Alaska

Ukibahatika kufika Alaska majira ya joto, kuna matembezi ya siku moja yanayoanzia mji mdogo wa Seward. Unapanda helikopta, na baada ya robo saa hivi unashushwa kando ya ziwa lililo mbele ya Bear Glacier, mto wa barafu mkubwa kuliko yote katika hifadhi ya taifa ya Kenai Fjords. Hapo unashinda ukipiga kasia kati ya mapande ya barafu, mengine makubwa kama nyumba. Bei yake inauma, kwa hiyo usije ukayaharibu matembezi hayo kwa vitu vidogo.

1. Weka siku ya akiba. Seward iko kilomita 200 hivi kusini mwa Anchorage, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, na wageni wengi hupanga kwenda na kurudi siku hiyohiyo ili wawahi ndege ya usiku. Mawingu yakitanda juu ya ghuba ya Seward, helikopta hairuki, na rubani habembelezwi. Kabla hujalipa, uliza: safari ikivunjika narudishiwa pesa, au napelekwa kwa boti?

2. Uzito sema kweli. Utapandishwa kwenye mizani, wewe na begi lako, mbele ya watu. Rubani hupanga viti kulingana na uzito, kwa hiyo kuwahi hakukupi kiti cha mbele.

3. Helikopta isogelee kutoka mbele au ubavuni, pale rubani anapokuona, na usubiri ishara yake. Mkiani usipite kamwe: pangaboi la nyuma likizunguka halionekani. Kofia ishike mkononi. Mwenye mtandio auchomeke ndani ya jaketi.

4. Jinzi na fulana za pamba ziache hotelini. Pamba ikilowa inabaki na maji na kukunyonya joto. Vaa sufu au poliesta. Juu yake utapewa suti isiyopitisha maji, yenye mpira shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Ule wa shingoni unabana kama kola ya shati la shule la miaka mitatu iliyopita. Utauzoea. Hereni na saa vua mapema, vinachana mpira.

5. Kayaki nyingi ni za watu wawili, na wa nyuma ndiye anayeshika usukani, kwa miguu. Mume na mke wakubaliane nchi kavu. Wa mbele ndiye anayeweka mwendo, wa nyuma anamfuata. Mkipishana, makasia yanagongana na safari nzima inakuwa ugomvi.

6. Barafu usiizoee. Unachokiona juu ya maji ni kama sehemu moja tu kati ya kumi. Chini inayeyuka bila wewe kujua, uzito unahama, na pande lililotulia asubuhi nzima linabinuka ghafla na kuinua wimbi. Ndiyo maana kiongozi atakuzuia kulikaribia hata kwa picha: kaa mbali angalau mara mbili ya kimo chake, na likiwa refu kwa ubavu, hesabu urefu huo. Mimi naona hata hapo ni karibu. Upepo nao huteremka kutoka kwenye barafu na kuchafua maji yaliyokuwa kama kioo. Kiongozi akisema turudi, geuza. Ukiona pande la buluu iliyokolea, jua ni barafu iliyoshindiliwa hadi mapovu ya hewa yakakamuliwa. Inameza wekundu wa mwanga na kuturudishia buluu. Weupe wa maji kama ya kuoshea mchele ni unga wa mawe yaliyosagwa na barafu ikiteremka mlimani.

7. Okota kipande kidogo kinachoelea, kiweke sikioni. Kinatatarika kama chumvi kwenye kikaango: ni hewa ya zamani inayotoka.

8. Hili ningelitanguliza: nenda choo kabla hujavaa suti. Baadhi zina zipu mgongoni, kutoka bega hadi bega, na huifungui peke yako. Utalazimika kumwomba mtu uliyekutana naye asubuhi hiyohiyo kwenye mizani.